Insha Niliyomsomea Hawe

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne niliandika insha iliyozizidi zote darasani, nikapigiwa makofi, na insha hiyo ndiyo iliyomtoa nyanya yangu nyumbani kwake. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nazungusha maneno. Nimeyazungusha vya kutosha. Watu wakiniuliza kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye watoto wawili na kazi ya ualimu, amerudi chuo kikuu kusoma visasili, huwajibu kwamba napenda hadithi. Kweli nazipenda. Lakini hazikunirudisha hizo.

Kwetu ni upande wa Vitengeni, mahali ambapo mahindi hupata mvua mwaka huu na kuikosa mwaka ujao. Nyanya yangu mzaa baba tulimwita Hawe, kwani ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya. Jina lake hasa lilikuwa Mbeyu, nami ni Mbeyu, maana kwetu mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita somo, kama watu wa pwani wanavyomwita mtu waliyechangia naye jina. "Somo yangu, nisogezee kijiti hicho cha moto." "Somo, umekula?" Nilipoanza shule na kumsikia mwalimu akisema leo tuna masomo matano, nilicheka peke yangu, nikadhani tunaletewa vikongwe watano. Nilichapwa kwa kicheko hicho, na nilipomsimulia Hawe alicheka hadi akashika mbavu.

Wiki ya Kigiriama ina siku nne, na ya nne ni jumwa, siku ambayo jembe halishikwi. Asubuhi ya jumwa Hawe alikoroga unga kidogo katika maji, akayatia kwenye kifuu cha nazi, akanishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba ya zamani, ile aliyoijenga na babu. Hapo palikuwa na vijiti vitano vya mti wa muhuhu vilivyochimbiwa ardhini, vya kunifika gotini, vimefungwa vitambaa shingoni. Mgeni angepita akadhani ni mabaki ya ua wa mbuzi. Kwetu hivyo vilikuwa koma zetu: babu, wazazi wake wawili, na wazee wawili wa nyuma yao. Walikuwa wamekufa lakini hawakuwa wameondoka. Ndivyo nilivyoambiwa, nami nililipokea jambo hilo kama mtoto wa mjini Malindi anavyopokea kwamba bahari ina chumvi.

Hawe alimwaga maji yale kidogo kidogo, kijiti kwa kijiti, huku akimtaja kila mmoja kwa jina. Hakuwa na sauti ya kuomba. Aliongea nao kama mtu anavyoongea na jamaa waliokuja kumtembelea wakakaa siku nyingi. Aliwapa habari za nyumbani, aliwashtaki watoto wake, na babu alimkemea waziwazi. "Wewe Charo, mvua umeiona ilivyo. Unangoja nini? Hata ulipokuwa hai ulikuwa mzito wa kuamka." Nilipenda sana asubuhi hizo. Sijapata tena mahali ambapo wafu na walio hai wanagombana kwa mapenzi namna ile.

Jumwa moja aliniachia kifuu nimwage mwenyewe. Kwa haraka zangu nilimwaga kwenye kijiti cha mama mkwe wake nikataja jina la babu. Hawe alinidaka kifundo cha mkono, akanibana hadi nikaumia.

"Hapana, somo. Hapana kabisa. Ukimwita mtu kwa jina la mwingine, huyu hatakuja. Atakuja yule uliyemtaja. Na huyo hujui anakuja na nini."

Uso wake haukuwa na mzaha. Aliniambia niombe radhi, nikaomba, nikaanza upya. Yale maneno niliyashika kama watoto wanavyoshika mambo ya wakubwa, mdomoni tu. Hayakuwa yameshuka chini zaidi ya hapo.

Mwaka ule tulipata mwalimu mpya wa Kiswahili, Mwalimu Mutua, kijana kutoka Machakos. Nisimsingizie mtu. Alikuwa mwalimu mwema, hakuwa na kiboko, na vitabu vyetu alivisahihisha hadi ukurasa wa mwisho. Ila alikuwa na jambo lake moja: hakutaka kusikia darasani neno la nyumbani. "Kiswahili sanifu," alikuwa akisema. "Lugha za mama muziache langoni, zitawangoja." Siku hiyo alituandikia ubaoni kichwa cha insha, Mtu Nimpendaye Nyumbani, akaketi kungoja.

Nilianza vizuri. Niliandika jinsi Hawe anavyotembea, kunde zake, kicheko chake. Kisha nikafika kwenye asubuhi za jumwa, nikaandika kwamba nyanya yangu huwapa koma chakula, nikasita. Katika darasa lile koma lilikuwa neno la Mwalimu Mutua tukipiga kelele: "Koma! Koma kabisa!" Tena wiki iliyotangulia alikuwa ametufundisha kwamba kile kimkia kinachowekwa katikati ya sentensi nacho huitwa koma. Niliwaza jinsi darasa litakavyoangua kicheko wakisikia kwamba nyanya yangu hulisha kimkia. Nikalilowesha neno kwa mate, nikalifuta kwa kidole hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Halafu nikainua mkono.

"Mwalimu, mtu aliyekufa lakini bado yupo, anaitwa nani?"

"Aliyekufa lakini yupo?" Alicheka kidogo, bila kunidharau. "Huyo ni pepo. Au shetani. Andika shetani. Wakiwa wengi, mashetani."

Akaenda ubaoni akaliandika kwa herufi kubwa ili wote wafaidike. Nami, haki ya Mungu, nililipenda. Lilikuwa refu, lilikuwa limeandikwa kwa chaki nyeupe na mkono wa mwalimu, na hakuna mtu ambaye angelicheka. Nikaandika: Nyanya yangu huwalisha mashetani kila jumwa. Mashetani hao wanampenda na husikiliza anayowaambia. Sentensi hizo bado ninazo kichwani, miaka zaidi ya ishirini. Hazina kosa la sarufi hata moja.

Nilipata alama thelathini na tano juu ya arobaini. Mwalimu Mutua aliisoma insha yangu mbele ya darasa, akasema hivyo ndivyo mtu anavyoandika jambo alilolishuhudia kwa macho yake, na wenzangu wakanipigia makofi. Nyuma yangu aliketi Safari, mtoto wa jirani yetu Kache. Alinipigia makofi kuliko wote.

Nilifika nyumbani mbio. Hawe alikuwa kibarazani akipukuchua kunde. Hakujua kusoma, lakini aliheshimu karatasi, akajifuta mikono kwa leso kabla ya kulishika daftari langu. Aliipitisha kidole ile thelathini na tano nyekundu, akaniambia nimsomee yote. Nikasoma. Alicheka mahali pa kucheka. Kisha nikaliona lile neno likinijia kutoka mstari wa chini, na ghafla nikausikia mkono wake kwenye kifundo changu, mbano ule ule wa siku ile. Nilimeza mate. Karatasi ilisema mashetani, mimi nikasoma koma.

Mikono ya Hawe ikasimama juu ya ungo.

"Umewaandika kwa jina gani?"

"Kwa jina lao, Hawe."

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye kunde zake. "Haya. Endelea," akasema.

Sijui zilipita siku ngapi. Najua tu kwamba hazikuwa nyingi kabla mtoto mchanga wa Kache, msichana wa miezi minane, hajashikwa na degedege. Mahali petu mtoto akigeuza macho na kukakamaa, watu hawaanzi kwa kuuliza juu ya mbu. Huuliza ni nani. Na Kache hakuwa mtu wa mbali nasi. Alikuwa akiazima chumvi kwetu tangu aolewe, na Safari mwenyewe alizaliwa mikononi mwa Hawe, kwani siku ile mvua ilifunga njia na hapakuwa na mkunga mwingine wa karibu. Lakini alikuwa na mtoto anayekakamaa mapajani mwake, na Safari amesimama pembeni akisema, mama, Mbeyu ameandika insha, nyanya yake ana mashetani, anayalisha, yanamsikiliza.

Walikuja Ijumaa alasiri. Nilikuwa bado sijavua sare ya shule. Kache mbele, mtoto amefungwa mgongoni, na nyuma yake wanaume sita wa kwetu, watu ninaowaamkia shikamoo kila siku. Baba alikuwa amewasili punde tu kutoka Malindi, ambako alikuwa fundi wa kujenga na kurudi kila mwisho wa wiki. Hawe aliwatolea viti, wakakataa. Akawaletea maji katika kikombe cha bati. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kwetu mtu akiyakataa maji yako, hana haja ya kuongeza kitu, na kikombe kile kilibaki mkononi mwa Hawe muda wote ule.

"Mama, sikuja kwa fitina," Kache akasema. Alikuwa akilia. "Mtoto wangu anakufa. Kama una kitu, kiambie kimwachie."

"Kitu gani, Kache?"

"Hayo mashetani unayoyalisha. Si maneno yangu. Mjukuu wako ameandika, na mwalimu amesoma mbele ya watoto wote."

Wote walinigeukia. Baba akauliza, "Mbeyu, uliandika hivyo?"

Sentensi moja ingetosha. Nilikosea neno. Maneno mawili tu, hata mtoto wa chekechea angeyasema. Nilisimama pale na soksi zangu za shule nikaona aibu, jamani, aibu tu, aibu ya kujulikana kwamba niliandika hivi nikasoma vile. Sikuogopa kwamba Hawe angeuawa. Hilo sikuliwaza. Niliogopa kuonekana mwongo.

"Mwacheni mtoto," Hawe akasema. "Aliandika nilichomwambia."

Mmoja wa wanaume akasema, basi amekiri. Mwingine akalitamka neno la Kigiriama la mchawi, mutsai, akalitema chini. Sihitaji kumweleza mtu wa Kilifi kinachoweza kumpata mzee mwenye mvi baada ya neno hilo kutamkwa uani kwake. Kila mtu ana mzee anayemjua. Baba hakungoja jua lishuke. Wale watu walipoondoka tu, alimpakia mama yake kwenye baiskeli na kumsukuma hadi barabarani kutafuta gari la Malindi. Hawe alichukua leso mbili. Alitaka kupita nyuma ya nyumba ya zamani kuaga. "Mama, hakuna wakati," Baba akamwambia. Kifuu kilibaki juu ya kibaraza.

Yule mtoto alipona siku ya tatu. Walimpeleka hospitali, akaonekana ana malaria, akapewa dawa, akanyonya. Habari hiyo ilifika kwetu kabla ya Jumatatu. Hakuna aliyekwenda Malindi kumwambia Hawe arudi.

Alikaa kwa Shangazi Dama, dada yake Baba, aliyekuwa na chumba kimoja mtaa wa Kisumu Ndogo, huko huko Malindi. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti nilipelekwa kumwona. Nilimkuta ameketi kitandani, mlango wazi, watu wanapita hatua mbili kutoka miguuni pake, na nywele zake zilikuwa nyeusi tititi. Shangazi alikuwa amempaka piko, ile rangi ya nywele ya madukani, kwa kuwa maneno ya bara husafiri na hata Malindi mvi zinaweza kumletea mtu balaa. Uso wa mzee na kichwa cha msichana. Nilitaka kulia.

"Waona?" Hawe akaniambia. "Nimekuwa kijana wa miaka ishirini. Babu yako hatanijua."

Shangazi alipotoka kwenda sokoni nilipiga magoti nikamwambia yote. Neno nililolifuta, neno la ubaoni, nilivyolisoma. Nilitarajia anipige, na ningeshukuru.

"Nilijua," akasema. "Ulipofika pale ulimeza mate."

"Mbona hukuwaambia wale watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mtoto ndiye anayewajua mashetani? Wangeniacha mimi wakushike wewe. Lakini mbona hukuniuliza, somo? Neno nilikuwa nalo mimi."

Akaniuliza ni nani anayewamwagia maji siku za jumwa, nikamwambia hakuna. Mama yangu ni mtu wa kanisa, na Baba aliogopa kuonekana. Hawe aliinamisha kile kichwa cheusi. Kisha akanitajia majina matano, kwa mpangilio wake, akanirudisha nyuma kila nilipokosea, hadi nikayasema yote bila kusita.

"Nikiwa wa sita," akasema, "usinikosee."

Alifariki mwaka uliofuata, baada ya masika, katika chumba kile kile. Tulimrudisha nyumbani kumzika. Waliomkataa akiwa hai walikuja na sururu zao, wakachimba kaburi zuri, la kina, na wakakataa kulipwa hata chai. Shangazi aliniambia baadaye kwamba walipomwosha waliona piko limefika nusu ya nywele, na chini yake, karibu na ngozi, mvi zimeota upya nyeupe pe. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo habari pekee ya mazishi yake iliyonipa faraja.

Na majina matano niliyopewa? Sikuyamwagia chochote. Nilikuwa na woga, halafu nikawa na shule ya upili, halafu ndoa, na mtu akiwa na kisingizio hakosi kingine cha kukipokea. Niliyasema tu moyoni, wakati mwingine nikiwa jikoni, ili yasipotee.

Ndipo nikajiandikisha kusoma. Muhula huu mhadhiri wetu, mama mpole mwenye sauti ya kukufanya unyamaze ili umsikie, alitufundisha kuhusu watu waliowalisha wafu wao. Alitueleza kwamba Wayunani wa kale waliwamwagia marehemu maziwa na asali ardhini, wakiwataja kwa majina. Darasa zima likainamia madaftari kwa heshima. Hakuna aliyecheka. Mambo yale yale! Huko yanaitwa visasili na yana mtihani.

Tangu hapo nayaona kila mahali, nimekuwa kama mtu aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza. Nimemwona muuguzi kijana katika kliniki ya Kilifi akimchanja mtoto mwenye uzi mweusi mkononi, akausogeza ule uzi taratibu kwa kidole bila kuukata. Jirani yangu ana kitoto kilichokuwa kikilia mchana kutwa, wakajaribu dawa zote, mwishowe wakakibadilisha jina wakakipa la nyanya wa mama yake, kikanyamaza. Na mama yangu mwenyewe, mzee wa kanisa, kila anapofungua chupa ya chai humwaga tone la kwanza chini, kisha husema, ala, limemwagika. Miaka yote hiyo humwagika tone lile lile moja.

Mhadhiri aliomba mifano ya nyumbani. Nikasimama nikasema kwetu kuna koma. Kijana mmoja wa mbele, mcheshi tu, hana ubaya, akageuka akasema, "Si hao ni mashetani?" Watu wakacheka. Mhadhiri akaniambia nikafanye utafiti, nitafute neno la Kiswahili lifaalo, niandike kazi yangu ya muhula juu ya jambo hilo. Niliketi. Nilishindwa kuishika kalamu.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani na daftari. Nyuma ya nyumba ya zamani, ambayo sasa ni kuta mbili, mchwa wamekula vijiti viwili. Vitatu bado vimesimama, na kando yake nikakuta cha nne, kifupi, ambacho sikuwahi kukiona. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Amezeeka.

"Nilimchimbia mwenyewe," akasema. "Mama yako usimwambie."

Nilikoroga unga. Kifuu kilikuwa kipya, kile cha zamani hakuna aliyejua kilikokwenda. Niliyasema majina matano kwa mpangilio wake, hata ya wale ambao vijiti vyao havipo. Kisha wa sita nikamwita kwa jina lake, Mbeyu, na kwa kuwa jina ni letu sote wawili, nilijisikia naitwa. Nilimwambia nimechelewa. Nilimwambia na mambo mengine ambayo siyaandiki.

Kisha nikaenda kwa Kache. Sikuwa nimekanyaga uani kwake tangu utoto, na njiani nilikuwa na maneno makali niliyoyaandaa kwa miaka. Nilimkuta peke yake kibarazani. Hajafika sitini, lakini uso umekunjamana, na juu ya uso ule nywele nyeusi tititi. Nilizijua papo hapo. Baba alikuwa ameshaninong'oneza: mtoto wa Safari aliugua mwaka jana, mke wa Safari akasema jambo kisimani, na tangu siku hiyo wajukuu hawaletwi tena kwa bibi yao. Yale maneno yangu makali sikuyaona tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbeyu? Ni Mbeyu?" Aliingia ndani akatoka na maji katika kikombe. Mkono aliukawiza kunifikia, kana kwamba anaupa nafasi ya kukataliwa. Nilisimama pale njia inapopita, wanawake wawili wakirudi kisimani wananitazama, nikayanywa yote. Nikaomba mengine.

Tulikaa. Aliniuliza watoto, nikamuuliza miguu. Macho yake hayakutoka kwenye daftari langu.

"Wanasema unaandika habari za kale," akasema. "Nami umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Umeniandika kwa jina gani?"

Hajui kusoma. Ningeweza kufungua ukurasa wowote nikamsomea maneno matamu, naye angeniamini. Nilifungua ule wenyewe.

"Kache, mama yake Safari, alikuwa na mtoto wa miezi minane aliyegeuza macho," nikasoma. "Alikuja kwetu na wanaume sita, akilia. Walikataa maji. Mtoto alipona. Kache hakurudi kusema kwamba mtoto amepona."

Alisikiliza hadi mwisho, kiganja kimefunika zile nywele nyeusi. Hakukanusha. Machozi yalimtoka akayaacha.

"Na wewe," akasema, "umejiandika?"

"Nimejiandika."

"Soma."

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamsomea habari ya insha, na mate yangu, na kidole, na neno nililolifuta. Nikamsomea habari ya kibaraza na kunde. Nilipofika kwenye lile neno nilimeza mate, nikasoma kilichoandikwa.